Daraja la Vijiti vya Mishikaki

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tatu, Morogoro, na darasani waliniita Profesa kwa sababu ya maksi zangu za fizikia. Jina lilikuwa limenipanda kichwani. Siku tulipopelekwa kushindana kujenga madaraja, wanafunzi wanne kila shule, sikungoja mtu anichague kiongozi.

Kila kundi lilipewa vijiti 100 vya mishikaki, chupa moja ya gundi ya mbao, rola moja ya uzi wa kushonea, na muda wa saa tatu. Daraja lilalie meza mbili zilizoachana sentimita 60, kisha ndoo ininginizwe katikati na kumiminiwa mchanga kopo kwa kopo mpaka kitu kiachie. Uzito uliobebwa ungegawanywa kwa uzito wa daraja lenyewe, ili mtu asijijengee gogo akasema ameshinda.

Mimi nikachora kitu kama ngazi iliyolazwa, miraba mitupu. Ushahidi nilikuwa nao: nilishavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, lile la karibu kilomita moja lililofunguliwa 2003, na sikuona pembetatu hata moja.

"Lile zege, Profesa," akasema binti tuliyemwita Fundi. Baba yake alikuwa akipaua nyumba, akiunda kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, na likizo zote alishinda naye saiti. "Wewe una vijiti vya mishikaki. Umeona wapi kenchi ya miraba?"

Akafunga vijiti vinne kwa uzi, akapata mraba, akausukuma pembeni kwa kidole kimoja. Ukalala wote kama boksi la kiberiti lililokanyagwa. Akaongeza kijiti cha mshazari, akasukuma tena. Ukagoma. Kisha akachukua kijiti kizima, akakibana ncha kwa ncha kati ya viganja. Kikapinda kama upinde. Akakivunja nusu, akabana tena mpaka viganja vikawa vyekundu, nusu ile haikutikisika. "Vya juu vinabanwa, tuvikate vifupi. Vya chini vinavutwa tu." Chuoni, miaka mingi baadaye, nilikutana na kanuni ya Euler: nguzo ukiipunguza urefu kwa nusu, mzigo wa kuipinda unapanda mara nne. Mhadhiri alijaza ubao mzima, mimi naona viganja vya yule binti.

Basi tukajenga kenchi. Wao watatu wakashika juu na mishazari, mimi nikajipa kazi ya chini kwa sababu niliiona rahisi. Kijiti hakifiki hata nusu ya sentimita 60, kwa hiyo lazima uunge. Kiungo changu kimoja kikaangukia katikati kabisa, juu ya ndoo, mahali ambapo mvuto wa chini ni mkubwa kuliko kote. Nikapachanisha ncha mbili urefu wa ukucha tu, nibanie vijiti.

Fundi alikuwa akizungusha uzi kila kiungo, mizunguko saba, fundo, gundi juu yake. "Gundi inashika polepole, uzi unashika sasa hivi." Zilipobaki dakika kumi, gundi yangu ilikuwa bado nyeupe kama maziwa.

"Umefunga vya chini?" akauliza toka upande wa pili.

"Nimefunga."

Daraja lilipimwa gramu 150. Kilo tano, kimya. Kilo tisa, likatoa mlio mdogo, ka!, tukashikana mikono. Kilo 13 na ushee likaachia, mchanga ukamwagikia viatu vya mwalimu aliyekuwa akimimina. Walioshinda walifikisha 18. Sisi tukawa wa tatu, tukapewa kaunta buku moja moja.

Kwenye basi nikawaeleza wenzangu kwa kirefu, kwa lugha ya fizikia kabisa, kwamba gundi ilikuwa feki. Wawili wakakubali. Fundi alikaa dirishani, hakuchangia neno. Tulipofika stendi akatoa mfukoni mwa sweta vijiti viwili, vizima, havikuvunjika popote. Vilikuwa vimechomoka tu, kila kimoja na tone la gundi kwenye ncha. Akavipachanisha, akanionyesha.

"Profesa, uzi uko wapi hapa?"

Nikamwambia uzi ulituishia. Rola ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu, imebaki zaidi ya nusu.