Albamu mpya ya shugezi: anza na dramu

Fungua uhakiki wowote wa albamu mpya ya shugezi, ile roki ya magitaa mazito na sauti ya mwimbaji iliyozama ndani yake, na maneno ya mwanzo huwa yaleyale: ukuta wa magitaa, ukungu, ndoto, mawingu. Si uongo, lakini si habari. Siku hizi ukuta wa magitaa haumshindi mtu. Pedali ya fazi (inayokwaruza sauti ya gitaa) kama Big Muff, pedali ya mwangwi, kompyuta yenye programu ya kurekodia, na kabla jua halijazama umeshaujenga. Kinachotofautisha bendi na bendi kiko kwingine, na kazi ya mhakiki ni kukionyesha kilipo.

Anza na dramu. Magitaa yakishajaa kila kona, dramu ndizo zinazomwambia msikilizaji yuko wapi ndani ya wimbo. Chukua Nowhere ya bendi ya Ride, ya mwaka 1990: mpigaji dramu anasukuma, anajaza mapengo, na magitaa yanamfuata. Kisha weka Loveless ya My Bloody Valentine, iliyotoka Novemba 1991. Humo dramu nyingi ziliunganishwa kwa sampuli (vipande vya mapigo yaliyorekodiwa), kwa hiyo mdundo umetulia kama nguzo, na magitaa yanayumba juu yake. Tunausikia ule myumbo kwa sababu chini kuna kitu kilichosimama. Basi ukipata albamu mpya, uliza: nani amesimama, nani anayumba? Wote wakisimama, wimbo unakuwa mkavu. Wote wakiyumba, unayeyuka kabla ya kiitikio.

Halafu usikilize myumbo wenyewe umetoka wapi. Kevin Shields, mpiga gitaa wa My Bloody Valentine, alipiga nyuzi huku mkono uleule umeshika fimbo ya tremolo, inayolegeza na kukaza nyuzi za gitaa, akiichezesha kila anapopiga. Sauti inapanda na kushuka pamoja na mapigo ya mkono, kwa hiyo hakuna myumbo unaofanana kabisa na uliotangulia. Juu yake aliongeza mwangwi wa kinyumenyume, na akaweka magitaa machache kuliko watu wanavyodhani. Bendi nyingi za sasa hutafuta matokeo hayo kwa pedali inayoyumbisha sauti yenyewe kwa kasi iliyopangwa. Kuitambua ni rahisi: hesabu mapigo 16. Kama kupanda na kushuka kunarudi kwa muda uleule bila kujali mkono unapiga nini, ni mashine. Hilo si kosa, ila mhakiki anayeandika kwamba gitaa “linapumua” wakati linazunguka kama feni hajasikiliza.

Mpangilio wa pedali nao unasikika. Fazi ikitangulia na mwangwi ukafuata, nota inabaki na umbo lake, na nyuma yake kuna ukumbi mkubwa. Ukigeuza, mwangwi ukaingia ndani ya fazi, mkia wa sauti unapandishwa hadi kulingana na nota yenyewe, na vyote vinakuwa donge moja. Donge hilo ni zuri kwa sekunde 30 za mwisho wa wimbo. Likikaa dakika tano, nota zinazopishana nusu hatua zinagongana na hujui tena wimbo uko kwenye ufunguo gani.

Sauti ya mwimbaji ndipo wahakiki wengi wanapokosea. “Sauti imezama” si lawama yenyewe, maana katika muziki huu inazamishwa makusudi. Konsonanti zinazotufanya tuelewe maneno zinakaa zaidi kati ya herzi 2,000 na 4,000, na magitaa yenye fazi yamejaa papo hapo. Kipimo cha haki ni hiki: wimbo ukiisha, je, unaweza kuivumisha midomo ikiwa imefungwa ile tuni aliyoimba? Ukiweza, maneno yamezama lakini tuni imesalimika, na miksi imefanya kazi yake. Souvlaki ya Slowdive (1993) inapita kipimo hicho kwa urahisi. Usipoweza, huenda hapakuwa na tuni, na mwangwi umetumika kama pazia.

Sikiliza angalau mara tatu, kila mara kivyake. Kwanza kwa sauti ya chini, kiasi cha kuweza kuongea na mtu bila kupaza. Hapo besi hupungua masikioni na uzito wa magitaa huondoka, kinabaki kiunzi cha wimbo. Pili kwa spika, kwa sauti kubwa. Tatu kwa spika moja tu, hata ya simu: magitaa yaliyotanuliwa kushoto na kulia kwa hila za miksi wakati mwingine hufutana na kutoweka, na ukuta mzima unabaki vumbi.

Angalia na faili uliyopewa. MP3 ya kbps 128 kwa kawaida hukata sauti za juu karibu na herzi 16,000, na kelele nzito ya magitaa ni mzigo mgumu kwa mbano huo, kwa hiyo simbali hutoka kama maji yanayochuruzika. Omba WAV au FLAC, faili zisizopunguza chochote katika sauti, kabla ya kumlaumu prodyuza. Kumbuka pia kwamba Spotify husawazisha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Albamu iliyobanwa ili isikike kubwa, hadi -7, itashushwa desibeli 7, na ile iliyoacha nafasi kati ya kimya na kishindo ndiyo itakayosikika hai.

Kuhusu kulinganisha: “kama Loveless” imechoka. Cartwheel ya Hotline TNT (2023) ina fazi tele, lakini mifupa yake ni pop ya magitaa yenye viitikio vifupi. Rat Saw God ya Wednesday, ya mwaka huohuo, inaweka gitaa la kuteleza la kantri katikati ya kelele. Parannoul wa Korea Kusini alitengeneza To See the Next Part of the Dream (2021) kwa ala za kompyuta, na ule mpasuko wa sauti ni sehemu ya uchungu wa nyimbo zenyewe. Ukisafishwa, albamu inakufa. Taja kitu kama hicho, na utaje dakika: “2:10, gitaa la kulia linakatika, besi inabaki peke yake.” Msomaji ataenda kuhakiki kwa masikio yake.

La mwisho ni masikio. Baada ya dakika 40 za kishindo, sauti za juu huanza kufifia masikioni mwako, na wimbo wa tisa utaonekana mfu kuliko ulivyo. Nyimbo za mwisho za albamu huonewa hivyo kila wiki. Kesho yake anza na wimbo wa saba, masikio yakiwa yamepumzika, ndipo uandike.