Daftari libaki garini

Mwezi uliopita, kama saa nne na nusu asubuhi, msichana mmoja wa darasa langu la tano alisimama kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko kule Pete, akavuta tawi la mchu, mti mmoja katika jamii ya mikoko, akaligeuza jani moja na kulilamba. Wenzake wakapiga kelele. Yeye akanyamaza kidogo, kama anayeonja mchuzi, kisha akasema: "Lina chumvi! Nani kalitia chumvi?"

Nafundisha sayansi hapa Unguja mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kuandika ubaoni swali zuri kama lile. Kufumba na kufumbua watoto wote wanalamba majani. Mmoja akakimbilia mkoko wenyewe, akalamba, akarudi amekunja uso: "Huu mbona hauna?" Hapo nikajua kwamba kazi yangu ya siku ile imeshafanyika, iliyobaki ni kukaa pembeni na kuwajibu kidogo kidogo. Mchu hunywa maji ya bahari, halafu chumvi huitoa kupitia kwenye majani, ndiyo maana ukiangalia kwa karibu unaona chembe nyeupe zinang'aa juani. Mkoko nao sehemu kubwa ya chumvi huizuia mlangoni, kwenye mizizi, haiingii. Miti miwili imesimama kwenye tope moja, na kila mmoja na njia yake. Watoto walilipata hilo kwa ulimi kabla hawajalisikia kwangu.

Naandika leo kwa sababu walimu wenzangu kadhaa wameniuliza hizi safari tunazipangaje, na kwa sababu kila mwaka hakosi mzazi wa kuniuliza mtoto anakwenda kusoma au kutembea. Anakwenda kusoma, mama. Ila lazima sisi walimu tuipange safari ili asome kweli.

Nianze na kosa, maana nimelifanya mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo, katika skuli niliyokuwa nikifundisha zamani, tulipanga pahala panne kwa siku moja: msituni, mapangoni, shamba la viungo, halafu ufukweni. Tuliwasomba watoto kama mizigo. Kila tukishuka garini, mmoja wetu anapiga makofi, "haya haya, twende, tumechelewa." Siku ya pili nikawauliza darasani wameona nini. Wa kwanza akanyoosha kidole: "Tulikula chipsi." Wa pili pia chipsi. Niliumia, lakini hawakusema uongo. Chipsi ndiyo kitu pekee walichopewa muda wa kukaa nacho.

Mwaka uliofuata nikapunguza pahala, nikazidisha karatasi. Kila mtoto alipewa karatasi ya maswali ishirini ya kujaza. Kiongozi wa msitu anaeleza, watoto wanaandika, vichwa chini, wanachunguliana majibu. Kima mmoja akaruka juu yetu kabisa, mtoto wake kamshika tumboni, tawi likayumba na majani yakatumwagikia. Tuliomuona ni mimi na dereva. Watoto walikuwa wanaulizana neno "makazi" linaandikwaje.

Tangu hapo sheria yangu ni moja: daftari libaki garini. Saa nzima ya mwanzo hakuna kuandika. Macho, pua, vidole, na ulimi pale kiongozi anaposema hakuna ubaya. Baadaye tunakaa chini ya mkwaju mkubwa pale linapoanzia daraja la Pete, tunafungua madaftari, na kila mtoto anaandika au kuchora kitu kimoja tu alichokiona mwenyewe. Kimoja. Ukimwambia mtoto aandike kumi, ataandika kumi vya jirani yake.

Na jambo jingine nalisema kwa moyo wote: huko nje tunazungumza Kiswahili. Sayansi ya darasa la tano tumekuwa tukiisomesha kwa Kiingereza, na mimi sina ugomvi na Kiingereza, lakini nawaona watoto wanavyobanwa. Mtoto ana swali, hana maneno yake, basi anainama. Kwenye mikoko yule yule anafunguka. Watoto wa mjini nyumbani wana wazee waliotoka Chwaka, Charawe, Ukongoroni, Bumbwini. Majina ya miti hii wanayo: mchu, mkoko, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi. Mmoja alitueleza kwamba babu yake alikuwa akipaka rangi kwa magamba ya mkandaa, na maji yake huwa mekundu kama chai ya rangi. Hilo mimi mwalimu sikuwa nimelitia kwenye somo.

Tukiwa pale juu ya daraja huwauliza nani kwao Mji Mkongwe, kisha nawaomba wakirudi nyumbani waangalie dari. Zile boriti zinazobeba sakafu ya juu ni miti hii hii. Vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu boriti ina mwisho wake, hukuweza kujenga chumba kipana kuliko urefu wa mti. Na majahazi yaliyoondoka na upepo wa kusi kwenda Arabuni na Ghuba yalipakia boriti hizi, kule ambako miti ya kujengea ni adimu. Mtoto akilala chali kitandani usiku anaiona mikoko juu yake. Wengine hurudi Jumatatu na hesabu: chumbani kwetu zipo kumi na tisa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo walimu wengi hawalifikirii: maji. Mara ya kwanza tulianza na msitu, tukafika Pete saa tisa mchana, bahari imeshaingia. Hakuna tope, hakuna kaa, mizizi yote imezama. Tulisimama juu ya maji tukitazama majani. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anapita akanisikiliza nikieleza mizizi ambayo hakuna aliyeiona, akaniambia taratibu: "Mwalimu, wewe umeitizama saa, hukuutizama mwezi." Nikamwamkia, nikamuomba anifundishe.

Basi hivi ndivyo. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo siku za bamvu, maji hujaa sana na hupwa sana. Na hapa kwetu, siku hizo pwani ya mjini maji hupwa katikati ya asubuhi, saa nne kwenda saa tano. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu saa moja. Ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kama lile la Pete maji hufuata nyuma, kwa hiyo bado una nafasi. Mwezi ukiwa na siku saba au ishirini na mbili ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, siku hizo usiende. Kwa hiyo natafuta tarehe mwezi mosi hadi tatu, au kumi na tano hadi kumi na saba, iangukie siku ya skuli. Kalenda ya Kiislamu imetundikwa kila nyumba, huhitaji kitu kingine. Siku hizi watoto ndio wanaonitafutia tarehe, na hilo peke yake ni somo la wiki mbili.

Maji yakiwa yamepwa utaona mizizi ya mchu imechomoza topeni kama penseli elfu, inavuta pumzi kwa sababu tope lile halina hewa. Utaona kaa dume mwenye gando moja kubwa na moja dogo, anapunga lile kubwa kama anamwita mtu. Utaona mbegu za mkoko zinaning'inia ndefu kama bamia, zimeshaota zikiwa bado juu ya mama yao. Siku ile moja ilianguka mbele yetu, ikajikita kwenye tope wima, chwi. Watoto wakashangilia kana kwamba limeingia goli.

Baada ya hapo ndipo tunakwenda msituni Jozani, karibu tu. Hifadhi hii ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina kilomita za mraba 50. Njiani nawaonyesha matuta ya barabarani na kuwauliza yamewekwa kwa ajili ya nani. Wanasema watoto wa skuli. Yamewekwa kwa ajili ya kima punju, waliokuwa wakigongwa na magari wakivuka.

Mchana wa jua kali kima punju hupumzika, na kwa darasa ndiyo saa nzuri. Tunakaa chini, hatua chache mbali nao, hakuna kugusa wala kutupa chakula, na tunanyamaza dakika kumi nzima, saa mkononi. Kwa watoto wa miaka kumi na moja dakika kumi ni nyingi, lakini wanaweza. Wanaona miguu inaning'inia, mama anamchambua mtoto manyoya, dume anapiga mwayo. Mara hii kijana mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu hana dole gumba." Wote wakaanza kuhesabu vidole. Kweli, vinne virefu kama kulabu. Tukajaribu kuning'inia kwenye tawi la chini bila kutumia dole gumba, halafu kushika penseli bila dole gumba. Kuning'inia waliweza, kuandika ikawa shida. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kima huyu ni wa Unguja. Huwakuti kwengine duniani, isipokuwa wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970. Sensa iliyotolewa mwaka 2017 iliwahesabu zaidi ya 5,800 kisiwa kizima. Nilipowatajia, mtoto mmoja akasema hata watu wa mtaa wao ni wengi kuliko hao, na kimya kikapita.

Mabishano yalikuja kwenye minazi. Kuna msichana ambaye babu yake ana shamba upande wa kusini, na alikuja na hasira zake halali: kima wanakula vidaka, na kidaka kikiliwa hakitakuwa kitale, wala dafu, wala koroma, wala nazi. Sikumkatiza. Nikawaeleza kwamba watafiti waliochunguza minazi huko katika miaka ya 1990 hawakukuta mavuno yamepungua pale kima walipokula zaidi, maana mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea. Hakukubali. Akauliza, "Na minazi ya babu waliihesabu?" Nikamwambia aihesabu yeye. Sasa ana daftari lake, kila Ijumaa anampigia babu simu. Mkulima ana haki ya kusikilizwa, na nafurahi kwamba sehemu ya fedha za viingilio vya hifadhi hurudi vijijini, lakini mtoto yule hajasema neno lake la mwisho na mimi simharakishi.

Kuna na habari ya mkaa, ambayo huwa naiweka akiba mpaka mwisho. Kima wa mashambani hula sana majani ya mikungu (miti ya kungu, si ya ndizi) na miembe, yenye kemikali zinazosumbua tumbo, kisha huenda kwenye visiki vilivyoungua au kwenye tanuri la mkaa, wakachukua kipande na kukitafuna. Mkaa hunyonya ile sumu. Na mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake. Watoto hawa nao walikuwa wamekaa chini wanatazama, hawana daftari mkononi.

Ya matayarisho sina mengi. Kila mtoto chupa ya maji, na chakula cha nyumbani, mihogo na maandazi hushiba kuliko pipi. Michango tunaanza kukusanya mapema, kidogo kidogo, na kuna wasioweza kabisa, hao tunawabeba bila kuwataja. Viatu vya kufunga. Mwalimu wa kike awepo, na ajue vyoo viko wapi kabla gari halijasimama. Watoto wasizidi arobaini kwa viongozi wawili.

Siku tuliyorudi, yule aliyelamba jani alimsimulia bibi yake kila kitu. Bibi akamwambia kima punju ana sumu, ndiyo maana ya punju, na mbwa akimla hupukutika manyoya. Kesho yake mtoto akaniletea salamu na suala kutoka kwa bibi: ni kweli hao kima hukaa karibu na watu bila kukimbia? Alizaliwa Ukongoroni, akakata boriti na mumewe ujana wake wote, na tangu ahamie mjini hajarudi kwenye mikoko. Anataka kujua kama kwenye gari kuna nafasi.

Safari ijayo ni mwezi kumi na sita, Inshaallah. Nimemwekea kiti cha mbele, karibu na dereva.