Yule nyati alikuwa ananizuilia maziwa

Nilikuwa nasoma Rajkot, jimbo la Gujarat kule India, likizo ya Diwali ikafika rafiki yangu wa darasani akanipeleka kwao, kijiji kipo pembeni kabisa ya msitu wa Gir. Wiki tatu. Ukifungua mlango wa jikoni mnatazamana na nyati. Huku kwetu ukitaja nyati mtu anamuwaza yule wa porini anayeua watu, ila hawa ni wa kufugwa, wanaitwa Jafarabadi, wakubwa mno, pembe nzito zimeshuka pembeni ya uso halafu ncha zinajikunja, na ni wapole jamani.

Saa kumi na moja alfajiri mama mwenye nyumba, wote tulimwita Ba, anaamka kukamua. Siku ya kwanza nikasogea niangalie, nyati mmoja akaninusa, basi, hakushusha maziwa. Ba akanipungia mkono nitoke. Baadaye rafiki yangu ndo akanielewesha, maziwa ya nyati yana mafuta kama asilimia 7, ya ng'ombe kama 4, na kituo cha ushirika pale kijijini wanapima kwa mashine asubuhi na jioni, wanakulipa kufuata mafuta, sasa nyati akizuia hiyo ni hela ya nyumba nzima imeondoka. Iliniuma sana, nikawa nakaa mbali.

Kazi niliyopewa ni ya mavi. Unayakanda na majani makavu, unafinyanga kama chapati, unabandika ukutani yakauke, ndo kuni zao hizo, na mkate wa uwele uliochomwa juu yake ukashushia na mtindi mi mpaka leo naukumbuka.

Usiku mmoja nyati wote wakasimama kwa pamoja wakageukia upande mmoja. Kaka yake rafiki yangu akamulika tochi, macho mawili nje ya uzio wa miiba. Simba! Asubuhi tukasikia ng'ombe wa jirani ameliwa. Mi kwetu ni Manyara, simba akila ng'ombe najua vijana wanafanya nini siku hiyohiyo, nikasubiri nione. Yule mzee mwenye ng'ombe akakaa chini pembeni ya mzoga kimya, kitambaa kichwani hana wala nini, jua linampiga, akasubiri watu wa misitu waje waandike apate fidia, akasema fidia yenyewe haifiki bei ya ng'ombe. Alikuwa na hasira, nisidanganye mtu, ila hakuna aliyetaja sumu wala mkuki. Simba wa Asia wa porini duniani kote wamebaki ukanda huo tu, 2020 walihesabiwa 674, 2025 wakafika 891, na wengi wanatembea nje ya hifadhi, kwenye mashamba ya watu kama yule mzee. Hao wanaowalisha kwa mifugo yao ndo wanaostahili kusifiwa kwanza, naamini hivyo kabisa.

Wiki ya tatu Ba akaniita alfajiri, akanipa beseni la mashudu ya pamba nimshikie yuleyule nyati. Akala, akaninusa mkono mpaka kwenye kiwiko, pumzi ya moto, sikusogea. Halafu nikasikia maziwa yanapiga kwenye ndoo.