Siku moja maishani mwangu: Jumamosi na vifurushi yatima

Saa kumi na moja alfajiri. Bando la usiku bado lipo, kwa hiyo nashusha masasisho yote kabla halijakata. Siku za wiki mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga. Jumamosi najitolea kwenye Debian, mfumo huria ulioanzishwa 1993. Kila programu humo ni kifurushi chenye mtunzaji wake. Mtunzaji akiacha, kifurushi kinaitwa yatima na kinaingia kwenye orodha. Kazi yangu ni kuwatafutia mayatima hao walezi.

Natoa amri ya wnpp-alert, ambayo inakutajia yatima waliomo ndani ya mashine yako mwenyewe. Leo imetaja sita. Mmoja ndiye anayeiwezesha skana ya kazini kwetu. Inapiga kazi kila siku, na pale ofisini hakuna anayejua kwamba kipande kile hakina mwenyewe.

Saa mbili asubuhi. Chai, mihogo, na barua tatu kwa watunzaji walionyamaza muda mrefu. Hizi naziandika polepole kuliko msimbo wowote. Naanza na salamu na kumuuliza mtu hali yake. Kifurushi nakitaja mwisho. Nimeshasoma barua zinazoanza na "lini utarekebisha?" na najua zinavyomchoma mtu anayefanya kazi bila malipo baada ya kuwalaza watoto.

Sababu ninayo. Mwaka 2022 mtunzaji wa xz, programu ya kubana mafaili, alisema waziwazi kwamba afya yake ya akili haiko sawa na kwamba ile ni kazi ya kujitolea tu. Bado aliandamwa hadharani aongeze mtu au akabidhi. Aliyekuwa tayari kupokea, mtu aliyejiita Jia Tan, ndiye aliyekuja kupachika mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 mwaka 2024. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua akiwa kwenye Debian, kwa sababu kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kulikuwa kumechelewa takriban nusu sekunde. Tulinusurika kwa nusu sekunde! Nikimwona mtu anamsukuma mtunzaji aliyechoka, naingia kati, na sioni aibu kuwa mkali.

Saa tano. Simu kutoka Mwanza. "Shikamoo kaka. Leo ndiyo siku ya ishirini na moja." Dada huyu anataka kukiokoa kifurushi ambacho hakijaguswa kwa miaka minne. Utaratibu unamtaka atangaze nia, asubiri siku 21, kisha toleo lake likae tena angalau siku 7 kwenye foleni, ili mwenyewe akitokea apate nafasi ya kusema. Ana hamu, na namwelewa.

"Marahaba. Vumilia hadi usiku, dada. Huenda yuko na shida zake."

Saa nane mchana hadi kumi na mbili. Hapa ndipo siku inapokwenda. Tunapitia kazi yake mstari kwa mstari. Kwenye ripoti za hitilafu tunakuta viraka viwili, yaani vipande vya msimbo vya kurekebisha hitilafu, vilivyotumwa na watumiaji zamani, vizuri kabisa, vikingoja mtu wa kuvipokea. Kimoja kina miaka mitatu. Jambo hili huniuma: mtu amekesha akakitengeneza, akakituma, asijibiwe hata asante. Tunavipokea vyote na kuandika majina yao kwenye kumbukumbu ya mabadiliko. Umeme unakatika, tunaendelea kwa betri. Namwonyesha jinsi ya kulinganisha faili la toleo, lile linalosambazwa, na hazina ya git, mahali msimbo unapotunzwa pamoja na historia yake, maana kipande kilichoamsha mlango wa xz kilikuwemo kwenye faili la toleo tu. Kwenye git hakikuwemo. Analinganisha, kisha anarudia upya bila kuambiwa. Hapo nikajua mlezi amepatikana.

Saa moja jioni, kikao cha maandishi mtandaoni. Wamekuja watunzaji saba. Mmoja anaomba kupumzika kwa kuwa amepata mtoto. Tunampongeza, na mrithi anapatikana palepale. Nawashukuru sana wanaosema mapema.

Saa tatu kasorobo usiku. Barua kutoka Ujerumani: mwenye kifurushi cha dada amejibu. Alikuwa akimuuguza mkewe. Anashukuru kwa kujuliwa hali, anakabidhi kwa moyo mweupe, na ameambatanisha majaribio ambayo miaka yote alikuwa akiyaendesha nyumbani kwake tu. Anaomba abaki mtunzaji mwenza.

Nampigia dada. Anayaandika majina mawili, lake na la mzee, kisha anaendesha majaribio. La nne linaanguka. Kiraka kimoja tulichokipokea mchana kinavuruga usomaji wa faili tupu, na sisi wawili hatukuona.

Toleo halitoki leo. Saa sita usiku bando linarudi, na dada ameshamwandikia mzee kumuuliza.