Nilivyoweza kumfanya mama anywe maji bila ugomvi

Wenye wazazi wazee naombeni mnisikilize, msisubiri mpaka mzee aseme ana kiu. Mama yangu yuko Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, umri umeenda, ikafika kipindi anasinzia mchana kutwa, kichwa kinauma, akinyanyuka anashika ukuta kwa kizunguzungu, na siku zingine anachanganya majina ya wajukuu. Majirani wanasema ni uzee tu huo. Mi nikampeleka zahanati, wakapima malaria hakuna, nesi akaniuliza mkojo wake una rangi gani, nikamwambia kama chai ya rangi, akasema basi huyu mama hanywi maji.

Alivyonielezea ndo nikaelewa. Mtu akizeeka kiu inapungua, yaani mwili umekauka ila yeye hasikii chochote, na figo nazo haziwezi tena kubana maji kama za kijana. Mtu mzima karibu asilimia 60 ya mwili wake ni maji, kwa wazee inashuka mpaka kama 50 hivi, kwahiyo akiba yenyewe ndogo. Maji yakipungua na damu inapungua wingi, ndo maana akisimama ghafla presha inashuka anaona giza.

Tulivyorudi sikumfokea wala kumwekea chupa mbele ya uso. Nilikaa naye nikamuuliza, mama kwani maji yana nini? Akasema mwanangu, nikinywa usiku naamka, choo kiko nje na giza lile nitaanguka. Pili udhu, akienda haja ndogo unatenguka, na hataki kutia udhu mara mbilimbili. Tatu maji ya kuchemsha yananuka moshi. Kusema kweli yote matatu yana maana kabisa, mtu mzima hagomi bure.

Tukaanza na udhu. Akimaliza tu kuswali anakunywa kikombe palepale kwenye mswala, alfajiri, adhuhuri, alasiri, hapo mpaka swala ijayo ana muda wa kutosha. Magharibi kidogo, isha anaonja tu, kwahiyo maji mengi yanaingia mchana na usiku analala. Chumbani tukamwekea ndoo yenye mfuniko na taa ndogo ya sola, hofu ya kuanguka ikaisha.

Ule moshi sasa ndo ulinisumbua. Mama amekulia ziwani, enzi zao wanachota wanakunywa hivohivo, na hapo sikukubali kabisa maana kipindupindu tunakijua huku kwetu. Nikanunua mtungi wa udongo, maji nachemsha na sufuria imefunikwa vizuri, yakipoa namimina mtungini, nafunika, na kata ya kuchotea ina mpini mrefu ili mtu asizamishe mkono. Mtungi unapoza maji wenyewe kwa sababu yanapenya kidogo kidogo kwenye udongo na kukauka kwa nje. Alivyoonja akasema haya ndo maji! Nilifurahi jamani, acheni tu.

Vingine anakula. Papai, tikiti, uji mwepesi, na mchuzi wa mgebuka, samaki wa ziwa letu, vyote hivyo vina maji mengi. Mgebuka nao sa hivi wa kutafuta, mama ananiuliza samaki wameenda wapi, namwambia wavuvi tumekuwa wengi na ziwa lenyewe linapata joto, maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, dagaa wanakosa chakula, na mgebuka anawategemea haohao dagaa. Ndo maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane.

Mama kizunguzungu kimeisha, anapata choo bila shida, mkojo umekuwa mweupe, na wajukuu anawaita kila mmoja kwa jina lake. Ila kama mzee wako ana shida ya moyo au figo, au miguu inavimba, muulizeni daktari kwanza anywe kiasi gani, maana kuna wagonjwa wanapunguziwa maji makusudi.