Madumu Mawili ya Maji ya Bahari

Nimefanya kazi ya maabara Unguja kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitayalipia nauli maji ya bahari ili yapelekwe Dodoma. Mwezi Oktoba nilifanya hivyo. Madumu mawili ya lita 10 kila moja, yenye maji tuliyoyateka nje kidogo ya kisiwa cha Chumbe na kuyachuja mara mbili, yalipanda boti pamoja nami hadi Dar es Salaam, yakalala chini ya kitanda changu kwa jamaa zangu Kariakoo, na alfajiri ya siku ya pili yakaingizwa kwenye buti la basi pale Mbezi. Kondakta aliyatazama, akaniuliza kama ni mafuta ya nazi, na nilipomjibu kwamba ni maji ya bahari alicheka sana, kisha akanitoza shilingi 8,000 kwa kila dumu. Nilimkumbusha kwamba abiria aliyenitangulia alikuwa na gunia zima la nazi na hakutozwa hata senti moja. Alinijibu kwa upole kwamba nazi zinajulikana.

Sababu ya mzigo ule ni hii. Tuliitwa kwenye warsha ndogo ya kufundishana kupima alikali ya maji ya bahari, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, watu wa Bara na Visiwani, Wakenya, watu wa Msumbiji na wa Komoro, pamoja na mwalimu mmoja aliyetoka Ulaya. Kwamba warsha ya bahari ifanyike zaidi ya kilomita 400 za barabara kutoka ufukweni lilikuwa jambo la mzaha kwetu sote, lakini waandaaji walikuwa na hoja yao: wanaopanga bajeti na kutia saini vibali wako Dodoma, na ni rahisi zaidi kumsogezea ofisa chupa ya maji kuliko kumtoa ofisini mwake kwa siku nne. Bahari humeza takribani robo ya hewa ukaa tunayoitoa kila mwaka, na kwa sababu hiyo pH ya maji ya juu, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya zama za viwanda hadi karibu 8.1 sasa. Asiyeizoea hesabu hiyo huona ni tofauti ya kitoto, ilhali maana yake ni kwamba asidi imeongezeka kwa zaidi ya robo. Mabadiliko ya mwaka hadi mwaka ni madogo mno kiasi kwamba mpimaji wa Maputo na mpimaji wa Unguja wasipolinganisha mikono yao kwanza, hakuna atakayejua kama iliyobadilika ni bahari au ni mpimaji.

Ndiyo maana wanasayansi wa bahari husafirisha maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya kulinganishia chumvi yalikuwa yakitoka Copenhagen, na baadaye kazi hiyo ikahamia Uingereza. Kwa upande wa hewa ukaa na alikali, tangu miaka ya 1990 dunia nzima imetegemea zaidi chupa zinazotayarishwa kwenye taasisi ya Scripps, San Diego, ambako maji ya bahari huchujwa, hutiwa sumu kidogo ya zebaki ili vijidudu visiyabadilishe, hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kisha hutumwa kila pembe. Wakati wa janga la korona utayarishaji huo ulipotetereka, maabara za nchi nyingi zilibaki zikihesabu chupa zilizosalia kabatini. Sisi tulikuwa na chupa nne tu za aina hiyo, nazo si za kumpa mtu anayejifunza kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kudondoshea asidi. Kwa hiyo tuliamua kutengeneza maji yetu wenyewe ya mazoezi, ya aina moja kwa washiriki wote, na mimi nikapewa kazi ya kuyafikisha. Tulikubaliana tusiyatie zebaki, kwa kuwa yangesafiri pamoja na watu. Namshukuru Mungu kwa uamuzi huo, kama itakavyoonekana.

Mpaka Morogoro hakuna la kusimulia. Baada ya Dumila, barabara inapoanza kupanda kuelekea Gairo, basi lilianza kunung'unika, kisha likatoa harufu ya mpira unaoungua, na hatimaye moshi mweupe ukafuka mbele. Dereva aliliegesha pembeni, kondakta akatangaza kwamba rejeta imechemka na wenye haja wachimbe dawa kabisa, kwani hatutasimama tena njiani. Nilishuka na akina mama wengine, tukaenda mbali kidogo kwenye vichaka, na sidhani kama nilikawia zaidi ya dakika 15. Niliporudi nilimkuta kondakta amesimama juu ya ngazi ndogo, amelikumbatia dumu langu la kwanza, analimimina ndani ya rejeta kwa utulivu wa mtu anayenywesha ng'ombe.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo naona haya kuukumbuka. Kondakta alishtuka, maji yakamwagika kwenye shati lake, akaniambia, "Mama, samahani, nitakujazia mengine Gairo, maji si maji tu?" Nilijaribu kumweleza kwamba Gairo hapatikani maji ya Chumbe, lakini nikaona maneno yanaishia hewani. Dereva ndiye aliyenielewa kabla ya wengine. Alikuwa mtu wa makamo, aliyepata kuendesha malori ya bandarini Tanga, na aliposikia neno bahari alichovya kidole, akalamba, akatema, kisha akamgeukia kondakta kwa matusi ambayo sitayaandika. Chumvi hula chuma, na chuma kikiwa cha moto huliwa upesi zaidi. Ilibidi rejeta ifunguliwe chini na maji yote yamwagwe kwenye vumbi, lita karibu nane za maji yaliyochujwa mara mbili, nasi tukakaa pale tukisubiri bodaboda alete maji baridi kutoka kijijini, ambayo yalitumika kwanza kuisuuza rejeta na kisha kuijaza. Saa tatu zilipita hivyo.

Katika saa hizo tatu lawama zilinihamia mimi. Abiria mmoja aliuliza kwa sauti, akiwatazama wengine na si mimi, ni mtu wa namna gani anayesafiri na maji ya bahari kwenda Dodoma, na mwingine akajibu kwamba Wazanzibari wana mambo yao. Nilinyamaza. Lakini baadaye, watu walipotawanyika kutafuta kivuli, dada mmoja aliyevaa kilemba kizuri alinisogelea na chupa tupu ya soda na kuninong'oneza, "Mama yangu, nigawie kidogo tu hayo yaliyobaki, nina mikosi mwaka wa pili huu, na nauli ya kwenda kuoga baharini sina." Nilimwambia ni maji ya kazi ya serikali, yamehesabiwa. Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nijione bahili, nami nikalifungua dumu la pili na kumjazia nusu chupa. Katika daftari langu la sampuli niliandika kwamba mililita 250 zilitumika njiani, bila maelezo.

Jirani yangu wa kiti, mzee wa Kigogo mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo, alinyamaza muda wote huo, na tulipoondoka ndipo aliponiuliza kwa heshima bahari inaihusu nini Dodoma, mahali ambapo mtu anaweza kuzeeka bila kuiona. Nilimuuliza kama anaikumbuka mvua ya mwaka 1997 kuingia 1998. Aliikumbuka vizuri, maana ilimchukulia daraja na mbuzi. Nikamweleza kwamba mwaka ule, pamoja na El Niño, maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa yamepata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na kwamba hali ya namna hiyo ilijirudia kwa nguvu mwaka 2019, mvua ikapiga Afrika Mashariki. Hali hiyo hutambuliwa mapema kwa setilaiti, na pia kwa maboya ya Argo yapatayo 4,000 yaliyotapakaa katika bahari za dunia, ambayo huelea katika kina cha mita 1,000, na kila baada ya siku kumi hushuka hadi mita 2,000 kisha hupanda juu yakipima joto na chumvi njia nzima. Siku hizi baadhi yao hupima pia oksijeni, nitreti na pH. Mzee alitaka kujua ni ya nani. Nilipomwambia ni ya mataifa mengi, na kwamba takwimu zake hupewa yeyote bila malipo, alitikisa kichwa akasema hajawahi kusikia kisima cha watu wengi kisicho na ugomvi.

Ugomvi upo, mzee wangu, nilimwambia, ila sehemu kubwa ni wa vipimo. Katika msafara wa kwanza wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, kati ya mwaka 1959 na 1965, meli zaidi ya 40 zilishiriki, na ilibidi wakubaliane kwanza juu ya wavu wa aina moja wa kuvulia viumbe vidogo, ili mavuno ya meli moja yalingane na ya nyingine. Hilo alilielewa upesi kuliko ofisa yeyote niliyekutana naye baadaye. Alisema hata bibi yake, aliyekuwa akikwangua udongo wa chumvi mbugani na kuuchuja, alikuwa na kibuyu kimoja tu cha kupimia, na aliyetaka kununua kwa kibuyu chake mwenyewe alirudi mikono mitupu.

Tulifika Dodoma saa nne usiku. Gesti niliyopangiwa ilikuwa na feni isiyozunguka, chandarua chenye tundu la kupitisha mkono, na bei ambayo kwetu Unguja ungelipia chumba cha kuona bahari. Maji ya bombani, ambayo mhudumu alisema yanatoka kwenye kisima cha nyumba ileile, yalikuwa na ladha nzito, sabuni haikutoa povu, na chai niliyoandaliwa asubuhi niliiacha.

Siku nne za warsha nitazipitisha upesi, kwani zilikuwa za kumimina, kupima uzito na kuandika. Lita kumi zilizosalia, ukitoa nusu chupa ya yule dada, zilitosha kwa taabu. Siku ya kwanza makundi manane yalipima maji yaleyale na kupata majibu manane, aliyepata kubwa na aliyepata dogo wakiachana kwa maikromoli, kizio tunachopimia alikali, zaidi ya 60 kwa kilo, ilhali kiasi kinachovumilika hata kwa ufuatiliaji wa kawaida ni 10, na kwa anayetaka kuona mabadiliko ya tabianchi ni 2 tu. Siku ya tatu sita kati ya manane walikuwa ndani ya 10. Mwalimu wetu alifurahi kuliko sisi.

Jioni hiyo, kwa kuwa maji ya Chumbe yalikuwa yameisha na kijana mmoja wa Komoro alitaka kuendelea na mazoezi, nilichota maji ya ile gesti. Maji ya bahari yetu huwa na alikali ya karibu maikromoli 2,300 kwa kilo. Kijana alidondosha asidi, akadondosha tena, pH ikagoma kushuka, na mpaka inakubali alikuwa ametumia karibu mara tatu ya ile ya maji ya bahari. Tulirudia, tukapata vilevile. Sababu yake haina muujiza, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi huyeyusha miamba na kubeba bikaboneti nyingi, na chumvi na alikali ni mambo mawili tofauti, lakini nilikaa pale nikiitazama chupa kama mtu aliyeonyeshwa ndugu asiyemjua.

Usiku ule niliwafikiria wanawake wa Paje na Jambiani, ambao mwani wao aina ya kotonii umekuwa ukifa maji yanapopata joto, na ambao kila mara nikienda kuteka sampuli huniuliza nimeona nini safari hii. Mara nyingi nimewajibu kwamba bado tunalinganisha. Ni jibu la kweli, nalo huwachosha, na mimi pia hunichosha.

Nilirudi na dumu moja likiwa limejaa maji ya kisima cha Dodoma, kwa ajili ya maabara yetu. Kituoni Nanenane kondakta alikuwa yuleyule, na shati ni lilelile, likiwa na doa jeupe la chumvi kifuani. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, akaliweka peke yake upande wa kulia wa buti, na safari hii hakunitoza kitu.

"Na haya, mama, ni ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

"Basi haya rejeta inakubali?"

Nikamwambia hapana, haya ni makaidi kuliko yale.