Siyo kila anayekohoa damu ana TB: jeni ya PRTN3 na nyutrofili zetu

Huku Moshi mtu akikohoa damu tu mtaa mzima ushajua ni TB. Kuanzia Majengo mpaka Kiboriloni jibu ni hilo hilo, na mara nyingi wanakuwa wamepatia, TB ipo na dozi yake inaponya. Ila mi nafanya kazi maabara na kuna ugonjwa mwingine unaninyima raha kwa sababu unafanana nayo mno, damu kwenye makohozi, kukonda, homa, hadi eksirei inaonyesha matundu kwenye mapafu, halafu makohozi yakipimwa kwenye GeneXpert, ile mashine ya kutafuta mdudu wa TB, mdudu haonekani. Unaitwa GPA (kirefu chake granulomatosis with polyangiitis), kinga ya mwili inashambulia mishipa midogo ya damu ya mwili wenyewe, zamani ulijulikana kama Wegener, jina likabadilishwa 2011.

Ukiufuatilia unakufikisha kwenye jeni inaitwa PRTN3, iko kromosomu namba 19, imepakana kabisa na ndugu yake ELANE. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza enzaimu inaitwa proteinezi 3. Ukiweka slaidi ya damu chini ya hadubini utaziona nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, kiini chake kimegawanyika vipande vitatu vinne vilivyoshikiliwa na uzi mwembamba, na kuzunguka hapo kumejaa chembechembe laini laini. Sehemu ya hizo chembechembe ndo ghala la hiyo enzaimu. Bakteria akimezwa anamwagiwa enzaimu anasagika, tunapona, wala hatujui kama kuna vita imepiganwa.

Shida ni kwamba enzaimu yenyewe haichagui. Ikitoka nje ya seli inakata hata elastini, ile protini inayofanya mapafu na mishipa ivutike, na inaamsha kemikali za inflamesheni kama IL-1 beta. Ndo maana ini linatengeneza protini inaitwa alfa-1 antitripsini ya kuidhibiti, ni kama mnyororo kwenye shingo ya mbwa wa geti.

Sasa kwa mgonjwa wa GPA mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya proteinezi 3 yake mwenyewe, ndo hizo tunaita ANCA. Kwa kuwa sehemu ya enzaimu hiyo huwa imekaa juu ya ngozi ya nyutrofili, kingamwili zinaing'ang'ania hapo hapo, nyutrofili inapandwa na hasira na kumwaga kila kitu ndani ya mishipa midogo ya damu, puani, mapafuni, kwenye figo. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba hatari ya kupata kingamwili hizi inahusiana na jeni za HLA-DP zinazohusika na kinga ya mwili, na SERPINA1 ambayo ndo ya ile alfa-1 antitripsini, na PRTN3 yenyewe. Na kuna kitu kinanishangaza mpaka leo, kwa kawaida PRTN3 inafanya kazi nyutrofili ikiwa bado changa kwenye uboho, ikikomaa jeni inazimwa, lakini kwa baadhi ya wagonjwa hawa imekutwa bado inawaka kwenye seli zilizokomaa zinazozunguka kwenye damu.

Zamani kabla ya dawa watu walikuwa wanaondoka ndani ya miezi tu. Leo kuna steroidi, saiklofosfamaidi, rituksimabu, na wengi wanatulia kabisa, ila lazima ugonjwa ujulikane kabla figo hazijaharibika. Hapo ndo roho inaniuma. Kuna mama mmoja kutoka Rombo alimaliza dozi nzima ya TB wakati makohozi yake hayajawahi kuonyesha mdudu hata mara moja, na muda wote huo hakuna aliyempima mkojo, anakuja kwetu tayari miguu imevimba. Kijiti cha mkojo jamani! Mkojo ukiwa na damu, kile kiboksi cha damu kinageuka kutoka njano kwenda kijani mbele ya macho yako ndani ya dakika moja, na bei yake ni ndogo. Kipimo cha ANCA si kila maabara inacho, sawa, lakini kijiti kipo hadi zahanati.

Simwambii mtu aache dozi ya TB, hata kidogo. Nasema kama makohozi hayana mdudu na hupati nafuu, omba mkojo upimwe, na damu ipimwe kreatinini kucheki figo. Na kama pua imekuwa ikitoa damu na magamba kwa wiki kadhaa, sikio linaziba, macho mekundu, viungo vinauma, mwambie daktari vyote kwa pamoja siku hiyo hiyo, usipeleke pua kwa mmoja na kifua kwa mwingine.